Jiwe linalolia na jiwe bubu: sanamu za Kihindu zinavyochongwa kwa graniti

Tabora imekaa juu ya graniti. Ukitoka mjini hukawii kukuta majabali ya mviringo yamepandana kama magunia ghalani, mengine makubwa kuliko nyumba, na pembeni yake akina mama na vijana wamekaa kivulini wanagonga kokoto. Kwetu jiwe hili ni msingi wa nyumba na ni kokoto ya zege, basi. Kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, mwamba wa ukoo huohuo huchongwa sanamu za miungu Vishnu, Shiva, Durga na Ganesha. Wafalme wa Pallava waliyageuza majabali ya pwani ya Mamallapuram kuwa mahekalu katika karne ya 7, na mji huo hadi leo unalia nyundo kutwa. Tangu 1957 una hata chuo cha serikali kinachofundisha ujenzi wa mahekalu na uchongaji kwa kanuni za zamani.

Namwandikia mwashi, mpasua mawe na mchongaji wa huku kwetu anayetaka kujua kazi ile inafanywaje hasa. Mambo ya ibada nawaachia wenyewe, ila kanuni yao moja lazima uijue tangu mwanzo kwa sababu inatawala kila pigo la nyundo: sanamu iliyovunjika haiabudiwi. Kidole kikikatika au pua ikimeguka, hakuna gundi wala saruji ya kuokoa kazi. Murti, kama wenyewe wanavyoiita, inatakiwa iwe jiwe moja zima lisilo na kiungo wala ufa. Fundi wa meza akikosea mguu mmoja anatengeneza mwingine. Huyu akikosea mwezi wa tano wa kazi, anarudi machimboni. Kila nitakachoeleza hapa, kuanzia kuchagua jiwe hadi kulisimamisha, kimetokana na hofu hiyo.

Niondoe mkanganyiko mmoja kwanza. Katika mahekalu mengi ya Wahindu hapa Tanzania utakuta sanamu nyeupe, macho na midomo imetiwa rangi, imevikwa nguo. Hiyo ni marumaru. Wahindu wengi wa nchi hii asili yao ni Gujarat na Kachchh, na waliosogea bara walifuata biashara, hasa baada ya reli kufika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa watu wa magharibi na kaskazini mwa India, sanamu ya hekaluni aghalabu ni marumaru, na mji unaosifika kwa kuichonga ni Jaipur, huko Rajasthan. Jiwe lenyewe hutoka machimbo kama ya Makrana, yaleyale yaliyotoa marumaru ya Taj Mahal. Marumaru ni laini. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs iko kwenye 3, na kisu cha kawaida kinaikwaruza. Graniti ni mchanganyiko wa felspa yenye ugumu wa 6 na kwazi yenye 7, na kisu kinateleza juu yake. Mkono uliozoea marumaru, au jiwe la sabuni la Kisii, hauhamishiki moja kwa moja kwenye graniti. Kule unakata jiwe. Huku unaliponda chembe kwa chembe.

Na kwa kuwa marumaru ndiyo tuliyo nayo karibu: sanamu za Kihindu huogeshwa kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Mtindi una asidi, na asidi hula marumaru. Ukiachwa ukaukie juu ya sanamu, mng'ao unakufa, mahali panakuwa butu na panashika uchafu. Isuuzwe kwa maji mengi palepale, na ndimu isiguse kabisa. Graniti haijali mtindi, na mafuta inayopakwa miaka na miaka huizidishia weusi wake.

Sasa jiwe lenyewe. Vitabu vya kale vya ufundi huo, ambavyo kwa jumla huitwa Shilpa Shastra, hugawa mawe kwa sauti. Jiwe dume likigongwa hulia kama kengele, na hilo ni la miungu ya kiume. Jiwe jike lina mlio laini zaidi, ni la miungu ya kike. Jiwe lisilolia, ambalo si dume wala jike, linafaa msingi na sakafu. Mtu anaweza kuona huo ni ushirikina, lakini fundi yeyote aliyewahi kugonga chungu sokoni kabla ya kulipa anaelewa mantiki yake. Mlio hupita ndani ya jiwe zima. Ukikutana na ufa unakufa. Jiwe bubu ni jiwe lenye ufa, au lililooza ndani, au lenye vinyweleo vingi.

Kipimo hiki kina masharti yake, na wengi wanaokijaribu hukosea hapo. Jiwe lililolala ardhini halilii hata likiwa zima, kwa sababu udongo unameza mlio. Liinue ulilaze juu ya vipande viwili vya mbao, kila kimoja kiwe karibu robo ya urefu kutoka mwisho wake, maana hapo jiwe halitikisiki sana likigongwa. Kama lina mita moja na nusu, weka mbao sentimita 35 kutoka kila upande. Gonga kwa nyundo ndogo ya nusu kilo, kila baada ya shubiri moja, pande zote nne. Usitafute tu kama linalia. Tafuta mahali mlio unapobadilika. Likilia vizuri huku na ghafla likatoa sauti ya ubao mbovu, chora alama ya mkaa hapo, kwa sababu ufa uko jirani. Jiwe liwe limekauka, maana maji ndani ya vinyweleo hupunguza mlio na utalilaumu bure.

Kisha limwagie maji mengi uliache lijikaushe lenyewe kivulini. Uso mzima utarudi kwenye rangi yake, ila kwenye ufa utabaki mstari mweusi mwembamba, kwa kuwa maji yaliyoingia humo yanachelewa kutoka. Ufa wa unene wa unywele, usioonekana kabisa kwa macho, unajichora wenyewe.

Ukubwa wa chembe ndio unaoniletea wasiwasi zaidi kuhusu jiwe la kwetu. Graniti nyingi ya Unyamwezi ni ya kijivu au ya waridi, na mara nyingi ina chembe kubwa za felspa, nyingine zinafika sentimita moja. Fikiria jicho la sanamu lenye urefu wa sentimita mbili: hapo jicho zima ni chembe mbili. Felspa hupasuka kwa mabapa. Ukiigonga karibu na ukingo, chembe nzima inang'oka na kope inaondoka nayo. Maika, ule weusi unaometameta, ni laini kuliko majirani zake na huacha vishimo. Kwa uso na vidole unataka jiwe ambalo chembe zake hazizidi milimita mbili. Ndiyo maana wachongaji wa Tamil Nadu na jimbo jirani la Karnataka wanapenda jiwe jeusi. Wafanyabiashara huliita graniti nyeusi, lakini kwa wataalamu wa miamba mara nyingi ni doleraiti au gabro: chembe ndogo, kwazi kidogo au hakuna, na mlio mzuri sana. Sanamu ya Ram Lalla, yaani mungu Rama akiwa mtoto, katika hekalu la Ayodhya kaskazini mwa India, yenye inchi 51, iliyochongwa na Arun Yogiraj wa mji wa Mysuru huko Karnataka na kuzinduliwa tarehe 22 Januari 2024, ni ya jiwe jeusi la namna hiyo kutoka upande wa Mysuru.

Bamba la kale la Tanzania, ambalo Tabora imo ndani yake, nalo limekatwa hapa na pale na mikanda ya mawe meusi ya aina hiyo. Ukiona mstari wa mawe meusi mazito unapita katikati ya graniti ya kijivu, usiupite hivihivi. Pima kipande kwa mkono: doleraiti ina takribani tani 3 kwa mita ya ujazo, graniti tani 2.7, na tofauti hiyo mkono unaisikia. Kasoro ya mikanda hii ni kwamba mara nyingi imepasukapasuka yenyewe kwa asili, na kupata kipande kizima cha mita moja na nusu ni bahati.

Kwa majabali yetu ya mviringo, kumbuka kwamba yamejimenya kama kitunguu. Magamba ya nje yameoza kwa jua na mvua. Kata hadi rangi ya kutu iishe na jiwe lianze kung'aa, vinginevyo unachonga gamba. Vitabu vya kale husifu jiwe lililokaa chini ya udongo kuliko lililopigwa na jua, na vina haki. Jua la mchana na ubaridi wa usiku hulitanua na kulisinyaza jiwe kila siku mpaka linaachana tabaka kwa tabaka. Epuka pia vitone vya rangi ya dhahabu, kwani ni madini ya chuma na salfa. Vikipata unyevu vinatoa kutu, na machozi ya kahawia yatashuka kwenye shavu la mungu.

Sasa neno kwa wapasua mawe wenzetu. Njia iliyozoeleka ya kulilegeza jabali ni kuliwashia moto juu, kwa magogo au matairi, kisha kuligonga. Kwa kokoto inafaa. Kwa sanamu ni sumu, maana kwazi ikifika joto la nyuzi 573 hubadilika umbo ghafla na kuvimba, na kila chembe inaipasua jirani yake. Jiwe linatoka linaonekana zima huku ndani limejaa nyufa zisizohesabika. Baruti inafanya vivyo hivyo kwa mshtuko. Jabali lililowahi kuchomwa, hata kama moto ulikuwa upande wa pili, liache kwenye kokoto.

Kigoma hali ni tofauti. Miamba ya huko kando ya ziwa ni zaidi ya mawe mchanga na kwazaiti. Kwazaiti isahau: ni kwazi tupu, inakula tindo na inamenyeka vigae vikali kama chupa. Jiwe mchanga lenye chembe ndogo lina heshima yake, mahekalu ya Khajuraho, katikati mwa India, yamechongwa kwa jiwe la aina hiyo, ila lina matabaka. Lisimamishwe kama lilivyolala ardhini, matabaka yakiwa mlalo. Ukiyasimamisha wima yakitazama mbele, uso wa sanamu utabanduka kama ganda la mkate.

Kulitoa jiwe bila moto ni kazi ya kabari. Chonga mstari wa vishimo vya mstatili, kina cha vidole vitatu hadi vinne, kimoja baada ya kingine kwa umbali wa nusu shubiri. Weka kabari ya chuma katika kila kishimo, kisha pita nazo zote kwa mapigo mepesi yanayolingana: mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kati ya mizunguko subiri. Mlio wa kabari hupanda kadiri jiwe linavyokaza, halafu ghafla unashuka, na hapo ufa umeshaanza kutembea. Anayepiga kabari moja kwa hasira anapata ufa unaokwenda kando. Graniti ina njia yake ya kupasuka kirahisi, njia ya pili ya wastani, na ya tatu ngumu, zote zikikatana. Wapasua mawe wa Tabora wanaijua njia hiyo kwa macho na wala hawahitaji kufundishwa na mtu wa Mamallapuram.

Ukubwa gani? Vipimo vya sanamu hutokana na sanamu yenyewe. Kipimo kikubwa kinaitwa tala, ambacho ni urefu wa uso. Tala moja ina angula 12, na angula moja ina yava 8, yaani punje za shayiri. Angula ni upana wa kidole, kama wanda letu la zamani, lakini mchongaji hatumii kidole chake. Anachukua urefu wote anaoutaka na kuugawa. Katika kipimo cha tala tisa mwili una angula 108: utosi 3, uso 12, shingo 3, shingoni hadi kifuani 12, kifuani hadi kitovuni 12, kitovuni hadi kinenani 12, paja 24, goti 3, muundi 24, na kifundoni hadi chini 3. Jumlisha uone. Miungu wakubwa hupewa tala kumi, na Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, hupewa tano tu, ndiyo maana anaonekana mfupi mnene kama mtoto. Uso nao hugawanywa mara tatu sawasawa: mwanzo wa nywele hadi nyusi, nyusi hadi ncha ya pua, pua hadi kidevu.

Tuseme sanamu ya kusimama yenye mwili wa sentimita 108, ili angula iwe sentimita moja na hesabu iwe nyepesi. Taji halihesabiwi ndani ya 108. Lipe sentimita 20. Kitako cha yungiyungi 15. Ulimi wa kuchomekwa kwenye msingi 12. Umefika 155. Ongeza nafasi ya kukosea, jiwe liwe na urefu wa 160, upana 65 na unene 45. Kwa graniti hiyo ni karibu tani moja na robo, kwa doleraiti tani moja na nusu kasoro kidogo. Lisogezwe kwa mitaimbo juu ya mabomba ya chuma, liinuliwe kwa chenibloku ya tani tatu, na popote mnyororo unapogusa kona weka kipande cha tairi. Kona iliyomeguka wakati wa kupakia inaweza kuwa ndiyo taji.

Mchoro hupigwa kwa udongo mwekundu na brashi, si kalamu. Wa kwanza ni mstari wa katikati, wanaouita wa Brahma, mungu muumbaji, kutoka utosini kupita ncha ya pua, kitovu, hadi katikati ya visigino kwa sanamu iliyosimama wima. Kisha mistari ya mlalo kwa vile vipimo. Mbele, nyuma, na pembeni kote, kwa timazi na pembe mraba. Kosa linalorudiwa na wanafunzi ni kuchora mara moja. Kila unapoondoa tabaka la jiwe umefuta mchoro wako, kwa hiyo mchoro unarudiwa tena na tena mpaka mwisho, na kila mara unapimwa kutoka mstari wa katikati, si kutoka mchoro wa jana. Ukikosea uso kwa nusu sentimita na ukautumia kama kipimo, mwili wa nyuso tisa utakosea sentimita nne na nusu.

Kuondoa jiwe kubwa kuna njia ambayo ipo wazi Mamallapuram, katika mapango ambayo Wapallava waliyaacha bila kumaliza. Wachongaji walichimba mifereji iliyokatana na kuacha uso wa mwamba kama ubao wa drafti, kisha wakazibomoa zile miraba moja moja. Faida yake ni kwamba kila mraba una mpaka. Pigo baya linaishia kwenye mfereji na halisafiri. Kwenye sanamu fanya vilevile: jiwe limelala chali juu ya mchanga, mifereji ya kina cha vidole viwili, vunja, chora upya. Sehemu zinazotokeza zaidi hupatikana kwanza, yaani pua, tumbo, magoti. Huwezi kurudisha pua mbele, unaweza tu kurudisha shavu nyuma.

Tindo ndizo zinazokula muda kuliko watu wanavyodhani. Kwa graniti unaanza na tindo ya ncha, nondo ya milimita 16 hadi 20, urefu wa shubiri moja, na nyundo ya kilo moja hadi moja na nusu. Ncha inalala baada ya dakika chache. Fundi hawi na tindo mbili. Anakuwa na rundo, na mhunzi jirani yake. Wahunzi wetu wanaotengeneza majembe na mapanga kwa springi za gari wana chuma kinachofaa kabisa. Ncha ifuliwe, kisha ipashwe mpaka sumaku isiishike tena, hapo ndipo joto limetosha. Ichovye sentimita mbili tu kwenye oili chafu. Maji huipasua springi. Sasa ni ngumu lakini inavunjika kama kioo, kwa hiyo isugue ing'ae na uiache joto la shinani lipande. Rangi zitatembea kuelekea ncha: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Kwa graniti izamishe yote njano inapogeuka kahawia. Ikimeguka kazini, safari ijayo subiri zambarau. Ikifika buluu imelainika, irudie upya. Kichwa cha tindo kiachwe laini daima. Kichwa kigumu hurusha vipande vya chuma machoni, na kikichanua kama uyoga kisagwe palepale. Ncha za kabaidi zinazouzwa sasa hukaa kali muda mrefu zaidi, lakini mhunzi hawezi kuzifua. Zinahitaji jiwe maalumu la kunolea.

Kuna jeraha ambalo jiwe hulificha. Ukisimamisha tindo wima kabisa na kupiga kwa nguvu, chini ya ncha jiwe linapondeka hadi milimita kadhaa ndani. Kwa nje huoni kitu. Baada ya kung'arisha linatokea doa jeupe, na haliondoki mpaka ushushe uso wote. Kwenye paja ni hasara, kwenye shavu ni msiba. Kwa hiyo ukibakiza sentimita moja kufika uso wa mwisho, weka nyundo kubwa pembeni. Nyundo ya nusu kilo, tindo imelala, mapigo mepesi mengi. Hapa ndipo mafundi wenye haraka wanajulikana, na kwa maoni yangu hapa ndipo thamani yote ya kazi ya mkono ilipo.

Mikono ya nyuma ya Vishnu, iliyoshika gurudumu na kombe la baharini, haiachwi hewani. Jiwe halipendi kuvutwa wala kupindwa, linapenda kubanwa. Gurudumu huunganishwa na taji au bega kwa kipande cha jiwe kilichofichwa kama utepe au mwali, au sanamu nzima huegemezwa kwenye tao la nyuma. Mkono unaobariki hubakizwa na jiwe nyuma ya kiganja. Nafasi kati ya kiwiko na kiuno hutobolewa mwisho kabisa, baada ya mapigo mazito yote kwisha, maana kabla ya hapo ule ukuta mwembamba ndio unaoshikilia mkono usitetemeke. Mkonga wa Ganesha hulazwa juu ya tumbo ukifikia kitamutamu mkononi, na sababu ya kifundi ni hiyohiyo: mkonga unaoning'inia ungekatika. Ganesha pia ana jino moja lililovunjika, na ndiyo kasoro pekee inayochongwa kwa makusudi.

Vumbi lazima nilisemee kwa uzito. Kwazi iliyosagika hukaa kwenye mapafu na kuyatia makovu; ugonjwa huo unaitwa silikosisi, hauponi, na humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Grinda yenye diski ya almasi inafanya kazi ya siku kwa saa moja, lakini inatoa vumbi jembamba kupita tindo mara nyingi. Ikitumika, maji yatiririke kwenye diski muda wote na umeme upitie kikatizi cha usalama. Kitambaa puani hakizuii vumbi hilo. Tumia barakoa ya vumbi inayobana uso. Usifagie pakiwa pakavu, mwaga maji kwanza. Nguo za kazi zisiingie chumba wanacholala watoto. Akina mama wanaogonga kokoto wakiwa na mtoto mgongoni wapo kwenye hatari hii kila siku, na wangestahili kuambiwa na mtu anayewapa barakoa papo hapo.

Kung'arisha ni subira tu: mawe ya msasa na maji, kuanzia namba 60, 120, 220, 400, hadi 800 au zaidi. Usivuke namba. Mikwaruzo ya 60 iliyoachwa itakucheka kwenye 800.

Sanamu iliyokwisha hulazwa ndani ya maji usiku mmoja au zaidi kabla ya kuwekwa hekaluni. Ni ibada, lakini mchongaji anajua ni kile kipimo chake cha kwanza kimerudi: ikitolewa na kukauka, ufa wowote uliozaliwa na nyundo utajichora. Mboni za macho bado hazijachongwa. Macho hufunguliwa mwisho na stapati, fundi mkuu, kwa kifaa cha dhahabu. Arun Yogiraj alieleza kwamba macho ya Ram Lalla aliyachonga kwa tindo ya dhahabu na nyundo ya fedha.

Kinachobaki ni kusimamisha. Ulimi wa chini huingia kwenye tundu la msingi, na pengo linalobaki halijazwi saruji. Saruji ni ngumu, haifuati jiwe linapotanuka, na chumvi zake hupanda na kuacha ukungu mweupe. Hutumika ashtabandana, mchanganyiko wa vitu vinane. Orodha hutofautiana, lakini hukosi kukuta lakiri, utomvu wa mti, nta ya nyuki na udongo mwekundu. Hupondwa kwa muda mrefu mpaka unakuwa kama donge la ugali laini, kisha hushindiliwa pengoni ukiwa na joto. Hekaluni husasishwa kila baada ya miaka 12 hivi. Kabla ya kuushindilia, timazi inashushwa kutoka katikati ya taji, inapita ncha ya pua na kitovu, hadi kati ya visigino, juu ya mstari uleule uliochorwa siku ya kwanza. Ikiwa imeinama hata angula moja, vijiti vya mbao vinasogezwa chini yake sasa, maana mchanganyiko ukishapoa sanamu haisogezwi tena.